Mawe Arobaini ya Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Leonida alikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kuwakatia majani maksai wawili wa baba yake, na kufagia uwanja. Mwezi wa sita mwaka 1982 aliongezewa kazi ya nne. Alitakiwa kutembea na baba yake.

Hiyo ya nne ndiyo aliyoiogopa.

Walikaa Mbulumbulu, juu ya Karatu, mahali ambapo mashamba ya ngano yanaisha na msitu wa Ngorongoro unaanza. Miezi ile ya baridi ukungu hushuka kutoka msituni alfajiri na kulala juu ya mashamba mpaka saa nne. Huwezi kumwona ng'ombe wako hata akiwa hatua kumi mbele yako. Unamsikia tu akitafuna.

Baba yake, Sylvesta Qamara, alikuwa mlimaji wa plau, na watu wa vijiji vitatu walimwita awalimie. Mwezi wa nne, akiwa shambani nyuma ya maksai, alishika kifua, akapiga magoti, akalala kifudifudi kwenye udongo aliokuwa ameugeuza muda huo huo. Maksai walisimama wakamngoja. Wanaume walimpakia kwenye trekta la kijiji mpaka hospitali ya misheni Karatu. Padri alimpaka mafuta ya wagonjwa. Kijijini habari zilifika kwamba amekufa, na wanawake wawili walikuwa wameshaanza kulia kabla habari nyingine haijafika kwamba bado anapumua.

Alikaa hospitalini wiki tano. Aliporudi, Leonida alimtazama akishuka garini na hakumtambua mara moja. Uso ulikuwa wa rangi ya majivu. Mikono ilikuwa ya baridi. Zamani Baba alipiga mluzi tangu anapoamka, sasa hakupiga. Aliongea kwa sauti ndogo, kama mtu aliye katika chumba cha pili.

Siku ya tatu alikuja Mganga Josephati wa zahanati, na baiskeli yake, na barua ya daktari mfukoni. Alikaa kwenye kigoda uwanjani. Mama yake Leonida, Cresensia, akamletea uji. Bibi Blandina, mama yake Baba, alikaa karibu ili asikose neno.

"Daktari anaandika kwamba Sylvesta atembee," alisema Mganga Josephati.

"Atembee kwenda wapi?" Bibi aliuliza.

"Popote. Atembee tu."

"Mtu hatembei tu, Mganga. Mtu anakwenda mahali."

"Huyu atatembea tu, Bibi. Kila siku."

"Mgonjwa wa moyo?" Bibi alimgeukia Cresensia. "Umesikia? Wamemtoa kaburini, sasa wanataka arudi kwa miguu."

Mganga hakukasirika. Alielekeza kidole kwa maksai waliokuwa zizini. "Sylvesta, yule mwekundu aliugua mwaka jana. Alipopona ulifanya nini?"

"Nilimpumzisha," Baba alisema.

"Kwa muda gani?"

"Siku chache. Kisha nikawa namtoa kidogo kidogo. Kwanza bila nira. Baadaye nikamfunga nira bila plau."

"Ungemfungia zizini miezi mitatu?"

"Angelegea. Asingefaa tena."

"Moyo ni msuli, kama paja la huyo maksai," Mganga alisema. "Sehemu moja ya moyo wako iliumia, imeacha kovu. Sehemu iliyobaki inafanya kazi ya wote. Ukiilaza, inalegea. Ukiikurupusha, inaumia. Ukiizoesha kidogo kidogo, inapata nguvu. Hospitalini walikutembeza wodini mpaka wakaridhika kwamba unaweza. Sasa utaendelea hapa."

Kisha akampa masharti, na Leonida akayashika yote. Wiki ya kwanza dakika kumi tu, sehemu tambarare, bila kubeba mzigo. Kila wiki aongeze kidogo. Vidonge anywe kama alivyoandikiwa, kutembea si badala ya dawa. Sigara basi. Asitembee peke yake. Atembee na mtu, wakiongea.

"Kuongea ndicho kipimo chenu," Mganga alisema. "Ukiweza kusema maneno yako vizuri, mwendo ni sawa. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Kifua kikibana, kaa chini, weka kidonge chini ya ulimi, na niitwe mimi. Baada ya siku arobaini uje zahanati nikupime."

Baba hakuwa mtu wa kuandika. Alisema ataweka jiwe moja kila siku, akifika arobaini ataenda.

Kwanza walitembea kwenye barabara ya kijiji. Ilikuwa shida. Mbulumbulu mtu mzima akiwa njiani ana jembe, au ana mzigo, au anafuata ng'ombe. Mtu mwenye mikono mitupu anayekwenda na kurudi ni jambo la kuulizwa.

"Baba Leonida, umepotelewa na nini?"

"Sijapotelewa."

"Basi unatafuta nini?"

"Natembea."

"Ndiyo, naona. Unatafuta nini?"

Siku ya tatu mama mmoja alileta watoto wake watatu wamsaidie kutafuta ng'ombe. Siku ya nne balozi wa nyumba kumi alimwambia kwa huruma kwamba wazimu nao una dawa siku hizi. Siku ya tano Baba alikataa barabara.

"Tutapita njia ya mahame," alisema.

Njia ya mahame ilipita kule walikokaa zamani, kabla watu wote hawajahamishiwa kwenye kijiji kipya cha ujamaa. Nyumba zilikuwa tembe fupi, zimechimbwa nusu yake ndani ya kilima. Paa zilikuwa zimeanguka. Zilibaki nyuso za nyumba tu, na milango iliyofunguka kwenye giza la udongo. Hakuna aliyekuwa na kazi kule. Watoto walikatazwa, na hata wasingekatazwa wasingekwenda.

Lakini ilikuwa tambarare, na hakuna mtu wa kuuliza.

Walitembea ndani ya ukungu, Baba na blanketi lake, Leonida ubavuni. Walipofika mbele ya nyumba yao ya zamani, Baba aliweka pembeni mwa njia mawe manne aliyoyabeba mfukoni, ya siku nne zilizopita, kisha akaweka la tano.

"Ulizaliwa humu," alisema, akionyesha mlango uliobomoka.

Leonida alitazama mlango. Ukungu ulikuwa ukiingia ndani polepole, kama mtu anayerudi kwake.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Piusi, kijana aliyekaa dawati la nyuma yake darasa la sita, alimwinamia wakati mwalimu akiandika ubaoni.

"Leonida, mnakwenda wapi asubuhi na yule mtu?"

"Mtu gani? Ni baba yangu."

"Baba yako alifia Karatu. Kaka yangu aliona trekta, anasema miguu ilikuwa inaning'inia. Yule anayetembea ni kivuli. Ndiyo maana anakupeleka kwenye mahame. Anataka uzoee kukaa huko."

Wenzake walicheka. Leonida hakucheka. Kesho yake, kwenye ukungu, alimshika baba yake mkono kwa hila, kama anayesaidiwa kuruka dimbwi. Mkono ulikuwa wa baridi. Akatega sikio kusikia kama miguu ya baba yake ina sauti. Ilikuwa nayo, ndogo.

"Ongea, Baba," alisema.

"Niongee nini?"

"Chochote. Mganga alisema."

Baba akamsimulia jinsi alivyofundisha maksai wa kwanza. Siku nyingine alimsimulia habari za ndovu aliyekula mahindi yao yote usiku mmoja akaacha malenge. Wiki ya pili walipita nyumba ya zamani, wakafika mpaka kwenye mti mkubwa, ndipo wakarudi kuweka jiwe. Leonida aligundua kwamba mikono ya Baba ilikuwa inapata joto wakirudi. Na asubuhi moja, karibu na zizi, alipiga mluzi kidogo halafu akaacha, kama aliyejisahau.

Siku ya kumi na moja, wakiwa wameweka jiwe na kugeuka kurudi, walisikia sauti nyuma yao.

Ko. Ko. Ko.

Ilitoka upande wa nyumba. Ilikuwa kama mtu anabisha hodi kwenye mlango wa mbao. Lakini kule hakukuwa na mlango wa mbao hata mmoja. Yote ilikwisha chukuliwa kuni.

Leonida alitaka kugeuka.

"Usigeuke," Baba alisema. "Twende."

Kesho yake Leonida aliyahesabu mawe. Baba alipoweka la kwake, yalikuwa kumi na sita. Ilikuwa siku ya kumi na mbili.

"Nimekosea mimi," Baba alisema.

"Hujakosea, Baba. Nahesabu siku kwenye daftari."

"Basi umekosea wewe."

Siku ya kumi na tatu yalikuwa kumi na saba. Siku ya kumi na nne yalikuwa kumi na nane, na wakiwa wanaondoka walisikia tena ile sauti, ko, ko, ko, ikafuatiwa na kikohozi. Kikohozi cha mzee.

Siku ya kumi na tano mawe yalikuwa ishirini na mawili kabla Baba hajainama. Juu yake kulikuwa na kitu kipya: majani mabichi yamelazwa vizuri, bado yana umande, kama yamekatwa muda si mrefu na mkono wa mtu mwenye adabu.

Hakukuwa na mtu. Chini, nyasi zilikuwa zimelala upande mmoja.

Jiwe lilimtoka Baba mkononi, likabingirika njiani. Alimshika Leonida bega, wakaondoka mbio mbio. Leonida alimwambia aongee. Baba alifungua mdomo na maneno hayakutoka. Walipofika kwenye shamba la ngano alikaa chini ghafla, ameshika kifua, midomo imebadilika rangi. Leonida alimtoa kidonge mfukoni akamwekea chini ya ulimi kama alivyofundishwa. Wakakaa pale ndani ya ukungu, yeye akihesabu pumzi za baba yake, mpaka kifua kikaachia.

Mganga Josephati hakuwepo. Alikuwa ameitwa Karatu kwenye semina, na angerudi baada ya wiki moja na zaidi.

Jioni ile Bibi Blandina alisikiliza habari yote bila kumkatiza mtu. Kisha akasema, "Mlango upi?"

"Wetu," Baba alisema.

"Babu yako alifia ndani ya mlango ule." Bibi aliweka kikombe chini. "Mawe yanarundikwa wapi? Kwenye kaburi. Wewe ulianza kuweka, na wao wanakusaidia ili limalizike mapema. Na ulisema utahesabu ngapi?"

"Arobaini."

"Arobaini," Bibi alirudia. "Siku ambayo watu wanaondoa matanga."

"Mama, mwache," Cresensia alisema.

"Nimwache? Mimi nilizaa wanane, nimebaki na huyu mmoja."

Baba aliingia ndani akalala. Kesho yake hakuamka kutembea, wala keshokutwa. Bibi alimletea uji kitandani, akamkataza hata kwenda zizini. Alimfunika blanketi mbili. Nyumba ikawa kimya kama nyumba yenye msiba ambao bado haujatangazwa.

Siku ya tisa ya kulala, Leonida alimwona baba yake akienda chooni. Alitembea ameshika ukuta. Aliporudi alikaa kizingitini akihema, na jasho lilikuwa limemtoka, na choo kilikuwa hatua ishirini tu. Wiki mbili nyuma mtu huyu huyu alitembea mpaka kwenye mti mkubwa akisimulia habari za ndovu.

Alasiri Mganga Josephati alirudi. Alimpima Baba mapigo, akamsikiliza kifua, akamtazama miguu. Alipotoka nje uso wake ulikuwa mkali.

"Nani alimwambia alale?"

Cresensia alimtazama Bibi.

"Moyo wake uko vilevile kama nilivyouacha. Miguu ndiyo imelegea, na pumzi imerudi nyuma, na akili imeshakubali kufa. Kitanda kinamla. Akikaa hivi mwezi mmoja, mimi sitakuwa na la kufanya."

Leonida akamweleza juu ya mawe, hodi, kikohozi na majani. Alitegemea Mganga acheke. Hakucheka.

"Siku ile alipobanwa na kifua, mlikuwa mnatembea namna gani?"

"Mbio. Alishindwa kuongea."

"Basi hilo nalielewa. Mwendo ulizidi kipimo. Hayo ya mawe siyaelewi. Mimi nilisomea dawa." Alipanda baiskeli. "Lakini mtu aliyekohoa ana kifua, na mwenye kifua anaweza kuulizwa swali. Nendeni mkaulize."

Usiku Leonida alifikiri. Asubuhi ya Jumamosi alichukua fimbo. Mlangoni alimkuta Bibi Blandina, amejifunga blanketi, na fimbo yake pia.

"Unakwenda wapi?" Bibi aliuliza.

"Kwenye mahame."

"Najua. Nimekusikia ukigeuka-geuka. Tangulia, macho yangu hayaoni mbele."

"Bibi, wewe huogopi?"

"Naogopa sana. Lakini kama ni baba mkwe wangu anayerundika mawe pale, nina maneno yangu naye ya miaka thelathini."

Ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Hakuna ndege aliyelia. Walipofika, Leonida aliyahesabu mawe kwa kidole. Thelathini. Majani mabichi ya zamani yalikuwa yamekauka, na mengine yamewekwa juu yake. Waliingia ndani ya mlango uliobomoka, wakakaa juu ya udongo wa nyumba yao wenyewe, migongo ukutani. Palinuka popo na majivu ya zamani. Bibi alimshika Leonida mkono.

Wakangoja mpaka miguu ikafa ganzi.

Ko. Ko. Ko.

Sauti ilitoka chini, kwenye njia nyingine inayokuja kukutana na ile ya kwao hapo hapo. Ilikuja polepole. Kisha kitu kikatokea kwenye ukungu. Kilikuwa kipana, kina miguu minne, mgongo umevimba pande mbili, na kichwa hakionekani. Nyuma yake kikatokea kingine. Halafu kikatokea kivuli kirefu chembamba, kikasimama mbele ya mawe. Kikainama. Mkono ukatoka kwenye ukungu, mkono mkavu wenye bangili, ukaweka jiwe juu ya rundo taratibu, bila sauti.

Kivuli kikakohoa.

Leonida alitaka kupiga kelele, lakini Bibi alikuwa ameshasimama. Aligonga fimbo ukutani.

"Wewe," alisema. "Unamzika nani mlangoni kwangu?"

Kivuli kiliruka nyuma hatua mbili. Mmoja wa wale wanyama alilia, na hapo Leonida akajua. Ni punda. Punda wawili wenye magunia ya mahindi, wameinamisha vichwa wakinusa majani, na kengele za mti shingoni.

"Yeyo," mtu yule alisema, "umenishtua. Sasa moyo wangu unapiga kama ngoma. Takwenya, mama."

"Iko," Bibi alijibu. Alijua salamu za Kimaasai tangu ujana wake sokoni, na kwamba yeyo ni mama. "Toka kwenye ukungu nikuone."

Alikuwa mzee wa Kimaasai, amevaa shuka mbili na viatu vya tairi. Alisema jina lake ni Metui, na nyuma yake walikuwa mke wake Nareyu na watoto wao wawili wakubwa. Walitoka juu, upande wa ndani wa Ngorongoro, ambako hakulimwi. Walikuwa wakishuka kununua mahindi kwa wakulima wa bondeni, wanalala huko, na asubuhi wanapanda. Mvua za masika zilikuwa zimechimba korongo kwenye njia yao ya kawaida, punda wenye mizigo hawawezi kupanda. Ndiyo maana wakati wa kurudi walihamia hii.

"Na mawe?" Leonida aliuliza.

Mzee Metui alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anavua kofia kanisani. "Huku kwetu, mtu mkubwa akizikwa kando ya njia, kila anayepita anaongeza jiwe. Au majani mabichi, ya amani. Tuliona mawe yamepangwa vizuri. Tukasema, hapa amelala mtu mkubwa wa Wairaqw wa huku. Hatuwezi kumpita kama tunapita kisiki." Alimgeukia Bibi. "Nilitaka kumuuliza mtu wa hapa. Lakini kila tukipita hakuna mtu. Nani amelala hapa, yeyo?"

Bibi alimgeukia Leonida.

"Mmeshapita mara ngapi?" Leonida aliuliza.

"Leo ni mara ya tano."

"Na kila mara wote wanne mnaweka?"

"Wote."

Leonida alihesabu kwa vidole. "Mara nne, watu wanne. Kumi na sita. Kabla ya leo yalikuwa thelathini. Yanabaki kumi na nne." Alikaa chini kwenye nyasi. "Kumi na nne ni ya Baba. Hakuna jiwe hata moja lililozidi."

Wakamweleza Mzee Metui habari yote. Alisikiliza akiegemea fimbo, na alipoelewa alishika kichwa. Nareyu aligeukia punda ili asionekane akicheka.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemlaza mtu kitandani kwa heshima," alisema mzee. "Nipelekeni kwake."

Alimwachia Nareyu na watoto punda, akashuka na Bibi na Leonida. Baba alikuwa amelala akitazama ukuta. Mzee Metui aliinama kupita mlangoni, akasimama karibu na kitanda, na maji ya ukungu yakimdondoka.

"Wewe ndiye Sylvesta?"

Baba aligeuka. Alimwona mtu mrefu, mkavu, mweusi dhidi ya mwanga. Akajivutia blanketi.

"Ni punda, Baba," Leonida alisema haraka. "Hodi ni kengele za punda. Wanabeba mahindi."

"Nimeweka mawe matano kwa ajili yako," Mzee Metui alisema. "Mke wangu ameweka manne. Nilidhani nampa heshima mtu mkubwa aliyelala chini ya ardhi. Kumbe mtu mkubwa amelala chini ya blanketi. Nina miaka mingi kuliko wewe, nami nimetoka bondeni na nakwenda juu. Amka unisindikize mpaka zizini. Sitaki mengi."

Kisha sauti ndogo ikatoka kwa Baba. Leonida alidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka Cresensia akaja mbio kutoka jikoni, na alipomaliza kucheka aliweka miguu chini.

Alifika zizini akiwa ameshika bega la Mzee Metui. Ilikuwa hatua thelathini na tano. Leonida alizihesabu.

Mganga Josephati hakumruhusu aendelee pale alipoachia. Alimrudisha mwanzo, dakika tano asubuhi na tano jioni, kisha kumi, kisha zaidi. Wiki tatu zilipita kabla ya kuufikia tena mti mkubwa. Leonida aliandika siku kwenye daftari, kwa sababu mawe hayakufaa tena kuhesabia. Familia ya Metui iliendelea kuongeza, na Baba alikataa yaondolewe. Asubuhi nyingine walikutana nao, wakaenda pamoja mpaka mtini, na Baba aliongea njia nzima bila kukatika pumzi.

Shuleni Piusi aliuliza tena juu ya kivuli.

"Njoo kesho utembee nacho," Leonida alimwambia. "Saa kumi na mbili na nusu. Ukichelewa hatukungoji."

Alikuja kweli. Waliporudi yeye ndiye aliyekuwa anahema.

Siku ya arobaini ya kutembea, kwa hesabu ya daftari, Baba alikwenda zahanati kwa miguu yake. Mganga alimpima akiwa amekaa, akamtembeza kuuzunguka uwanja, akampima tena. Kisha akatoka naye nje, ambako watu walikuwa wakisubiri zamu zao, na balozi akiwa mmoja wao, na yule mama aliyeleta watoto kutafuta ng'ombe.

"Mtazameni huyu," alisema. "Moyo wake una kovu na utabaki nalo. Kwenye plau bado, mpaka msimu ujao, na daktari akikubali. Lakini anapanda kilima akiongea, analala vizuri, rangi imerudi. Alikunywa dawa zake, na alitembea kwa kipimo alichopewa, siku baada ya siku. Mgonjwa wa moyo asianze mwenyewe bila kupimwa. Akishapimwa na kuambiwa atembee, atembee, na ninyi msimcheke. Mlipomcheka mlimfukuzia kwenye mahame. Na wewe Leonida, kuna jambo ulilofanya ambalo sikulisomea. Kilichomwogopesha baba yako ulikwenda kukitazama kwa macho yako na kukiuliza jina. Nyumba nzima ilikuwa inakufa kwa kukosa swali moja."

Jioni walipita njia ya mahame kuweka jiwe la siku ya arobaini, wote wanne wa nyumba ile. Ukungu ulikuwa haujashuka bado, na kwa mara ya kwanza Leonida aliiona sehemu ile yote kwa jua: nyumba zilizobomoka, njia mbili, mti, msitu. Baba aliweka jiwe lake. Rundo lilikuwa limemfika Leonida magotini.

Bibi Blandina alilizunguka taratibu, akiligusa kwa fimbo.

"Nimeona makaburi mengi," alisema. "Hili ndilo la kwanza ninalolipenda. Halina mtu."

Kisha akamwambia mwanawe apunguze maneno na atangulie, kwa sababu baridi inaanza na yeye Bibi anataka kufika nyumbani. Baba alitangulia, akipiga mluzi.